Kopo la krimu na ahadi ya kazi

*Wasichana wa Kibera na Kawangware wanahimizwa wajipende jinsi walivyo. Nasaha hiyo haitafua dafu mradi ngozi na umbo vinaendelea kuuzwa kama tiketi ya ajira.*

Kwenye stage ya Kawangware, hatua chache kutoka Barabara ya Naivasha, nguzo za stima zimebandikwa karatasi kuanzia chini hadi pale mkono wa mtu mrefu unapokomea. Moja inatafuta wapangaji, nyingine inamtangaza mganga wa mapenzi, na katikati yake zipo zinazoahidi makalio makubwa, tumbo bapa na ngozi nyororo kwa siku chache, nambari ya simu ikiwa imerudiwa mara mbili asije mtu akaikosa. Nyuma ya nguzo kuna vibanda vya vipodozi. Rafu inayolingana na macho ya mnunuzi ndiyo ya krimu za kung'arisha: makopo na mirija yenye picha ya mwanamke yule yule mara mbili, upande huu mweusi na amenuna, upande ule mweupe na anacheka. Kibera nako mambo ni hayo hayo, kuanzia soko la Toi hadi Makina na kuteremka hadi Laini Saba. Mwanamke anayecheka kwenye kopo hana chunusi wala jasho. Hana pia vifundo vya vidole vilivyokataa kubadilika rangi, alama ambayo kila msusi wa mitaa hii huitambua kabla mteja hajaketi kwenye kiti.

Dhidi ya picha hizo tumezoea kutoa dawa moja: jipende. Inahubiriwa kwenye mikutano ya vijana kanisani, kwenye warsha za mashirika, redioni, na siku hizi hata na kampuni za vipodozi zenyewe. Ni neno jema na hakuna mzazi atakayelipinga. Kasoro yake ni kumchukulia msichana kama mgonjwa wa moyo, eti amepumbazwa na picha akasahau thamani yake, na akikumbushwa atapona. Hoja ya makala haya ni kwamba wengi hawajasahau lolote. Wamepiga hesabu. Wametazama nani anaajiriwa, nani anaposwa, nani anaitwa mbele kamera zikiwaka, wakaona mwili ni mtaji. Hesabu yao ina makosa makubwa, na hasara yake inaweza kuishia kwenye figo, lakini anayetaka kuisahihisha hana budi kuanza na walioipanga: mtangazaji, mwajiri, na serikali inayowatazama tu.

Nairobi ilijua tangu 1972

Mwaka 1972 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Madaktari walikuwa wanawachunguza watu wazima 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinapoteza protini kwenye mkojo. Waligundua kwamba asilimia 53 ya wagonjwa hao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki. Miongoni mwa watumiaji waliofuatiliwa baadaye, nusu walipata nafuu. Enzi hizo krimu hizo zilitangazwa bila kificho kwenye magazeti na majarida ya Afrika Mashariki, Ambi ikiwa mojawapo ya majina yaliyovuma, na ujumbe wa matangazo ulikuwa kwamba mwanamke wa kisasa, wa mjini, mwenye kazi ya ofisi, ana ngozi nyeupe kidogo kuliko ya mama yake.

Zebaki hufanya kazi kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na mtumiaji huona tofauti kwenye kioo, kwa hiyo humwamini muuzaji. Asichokiona ni kwamba sumu hiyo hupenya ngozi na kuingia kwenye damu, ikasumbua figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni, kemikali nyingine inayopendwa, ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha madoa ya rangi ya samawati iliyokolea, hasa mashavuni, ambayo hayafutiki kwa urahisi. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, ikachanika michirizi na kuwasha. Aidha, mtumiaji akiacha, rangi hurudi, na kwa wengine hurudi na vipele na wekundu. Biashara gani nyingine ina mteja wa namna hii, ambaye kuacha kununua ni adhabu?

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni mwaka 1998. Tuliuridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2023, na mwaka huo huo nchi wanachama zilikutana Geneva zikaazimia kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome kutengenezwa na kuuzwa kufikia 2025. Sheria, basi, tunazo tele. Kilichobadilika tangu 1972 ni kopo. Zamani kemikali iliandikwa kwenye kibandiko. Siku hizi kibandiko kinataja karoti, papai na limau, au hakipo kabisa, kwa sababu krimu imechanganywa dukani na kugawanywa katika vijikopo vidogo kwa mteja wa kadogo, yule anayenunua kila kitu kwa kiasi cha mfuko wake wa siku hiyo.

> *Biashara gani nyingine ina mteja wa namna hii, ambaye kuacha kununua ni adhabu?*

Picha inauza nafasi

Tazama tangazo lolote la krimu hizi, la zamani au la sasa, utakuta hadithi ni moja. Mwaka 2003 nchini India, tangazo la Fair & Lovely lilimwonyesha baba akisikitika kwamba hana mtoto wa kiume wa kumsaidia; binti akajipaka krimu, akapata kazi ya uhudumu wa ndege, na nyumba nzima ikafurahi. Chama cha wanawake cha AIDWA kililalamika hadi tangazo hilo likaondolewa hewani. Waliolitunga walikuwa werevu kuliko wengi wetu tunaowajibu. Hawakumwambia binti kwamba ni mbaya wa sura. Walimwambia kwamba ana familia ya kulisha.

Ujumbe huo ukifika Kawangware unakutana na watu wanaouelewa vyema. Mtaa huu umepakana na Lavington ya matajiri. Kibera iko jirani na Kilimani. Kila alfajiri maelfu huvuka mpaka huo kwa miguu kwenda kufua, kulinda lango, kupokea wageni, kuuza madukani. Nafasi zilizo mbele ya mteja, yaani za mapokezi, hoteli, kukuza bidhaa kwenye supamaketi, hutangazwa zikidai mwombaji awe na mwonekano mzuri na aambatanishe picha. Hakuna aliyeandika kwamba mwonekano mzuri ni rangi ya thao, yaani ngozi nyeupe, au kiuno cha kubana. Hakuna haja ya kuandika. Mabango ya Barabara ya Ngong yameshafafanua. Msichana aliyemaliza kidato cha nne asiye na mjomba ofisini anaangalia vitu anavyoweza kubadilisha kabla ya Jumatatu. Alama zake za mtihani hazibadiliki. Anwani yake ya Gatina, Kawangware, au Gatwekera, Kibera, haibadiliki. Ngozi, anaambiwa, yabadilika.

Hapo ndipo "jipende" linapoishiwa nguvu. Kampuni kubwa zimeligundua hilo mapema, na zimejifunza kuuza pande zote mbili. Unilever ilianzisha kampeni ya Dove ya kusifu uzuri halisi wa kila mwanamke mwaka 2004, huku kampuni hiyo hiyo ikiendelea kuuza Fair & Lovely. Juni 2020, maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi yalipotikisa Marekani na dunia, ilitangaza kwamba itaondoa maneno ya kung'arisha na weupe kwenye pakiti, na krimu ikabatizwa Glow & Lovely. Johnson & Johnson, kwa ulinganisho, waliamua kuacha kabisa kuuza baadhi ya krimu zao za aina hiyo. Jina lilibadilika kwa mmoja, bidhaa ikatoka rafuni kwa mwingine. Ukitaka kujua kampuni ipi imesikia kilio, usisome tangazo lake, tazama rafu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nao walikuwa hawajaona bajeti ya matangazo.

Wanene, wembamba na runinga ya Fiji

Kuna pingamizi zito hapa. Watasema wengine: haya ya matangazo yametiwa chumvi, kwani mitaani kwetu watu wana vipimo vyao vya uzuri na hawasubiri bango liwaelekeze. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Utafiti wa kituo cha APHRC katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, uliokusanya takwimu mwaka 2008 na 2009, ulikuta takriban asilimia 43 ya wanawake na 17 ya wanaume wakiwa na uzito uliozidi, na si wachache waliouona mwili mnene kuwa ndio unaopendeza. Si ajabu. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kukonda kulikuwa dalili iliyoogopwa kuliko zote. Jirani aliyepungua ghafla alinong'onezewa ukimwi. Aliyenawiri alisifiwa kuwa ametunzwa. Kwa hiyo bango la mwanamke mwembamba linaweza kukaa Kibera mwaka mzima na mama wa Lindi, humo humo Kibera, asilionee wivu.

Lakini linganisha na Fiji. Runinga ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, mahali ambapo mwili mnene ulikuwa sifa tangu jadi. Mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa sekondari mwaka huo na tena 1998. Waliokuwa na dalili za matatizo ya ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na waliokuwa wakijitapisha ili wapungue, ambao mwanzoni hawakuwepo kabisa, walifika asilimia 11.3. Alipowahoji, wasichana walimweleza mambo ambayo msichana wa Kawangware angeyaelewa bila mkalimani: walitaka miili ya wale wa runingani kwa sababu wale wa runingani walikuwa na kazi na maisha. Mila ya karne nyingi ilitikisika kwa miaka mitatu, mara umbo jipya lilipofungamanishwa na ajira. Ndiyo maana sioni mgongano kati ya Korogocho na Fiji. Pote mwili unaopendwa ni ule unaobeba ishara ya kufanikiwa. Korogocho ishara hiyo ilikuwa ni kushiba na kutougua. Simu za mkononi zinaibadilisha tunapozungumza. Ripoti ya taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 iliiweka Kenya katika nchi zinazoongoza kwa matumizi ya TikTok, na kwenye skrini hiyo msichana hujilinganisha na uso wake mwenyewe uliolainishwa na kichujio. TikTok yenyewe ilitangaza mwishoni mwa 2024 kwamba itawazuia walio chini ya miaka 18 kutumia baadhi ya vichujio vya urembo. Kampuni haijinyimi wateja bila sababu.

Daktari naye ana pingamizi lake: tukisifu kila umbo, hatutakuwa tunabariki kisukari na shinikizo la damu? Takwimu zinampa haki ya kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa afya, KDHS, ulionyesha wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 33 mwaka 2014 na 45 mwaka 2022. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo hatukupungukiwa na kejeli dhidi ya wanene, wala mabango ya vipusa wembamba. Kama aibu ingekuwa dawa tungeshapona. Tafiti kuhusu unyanyapaa wa uzito zimeonyesha kwamba anayedhihakiwa huikwepa hospitali, na mara nyingi huongezeka uzito badala ya kupungua. Mama anayekula chipsi na mandazi kwa sababu ndicho chakula cha bei yake, na asiyeweza kukimbia alfajiri kando ya reli kwa kuhofia usalama wake, anahitaji vitu viwili, chakula bora cha bei yake na mahali salama pa mazoezi, ambavyo tangazo la chai ya kupunguza tumbo halimpi. Anayeukubali mwili wake ndiye anayeupeleka kupimwa. Asiyeukubali huupeleka kwa tapeli wa nguzo ya stima, au akiwa na pesa, kwenye kisu: Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta jijini Nairobi, na kliniki ikafungwa baada ya kifo hicho.

  

"Mwili ni wangu"

Mwaka 2014 Vera Sidika, aliyekuwa gumzo la jiji, alikiri hadharani kwamba amebadilisha rangi ya ngozi yake, akasisitiza kwamba mwili wake ni biashara yake. Wengi walimtukana. Hoja yake, hata hivyo, haipaswi kupuuzwa, kwa sababu historia ya ukanda huu inaonyesha kinachotokea wanaume wanapojipa kazi ya kulinda ngozi za wanawake. Tanzania mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Nia ilitajwa kuwa ni kulinda utu wa Mwafrika. Mitaani Dar es Salaam, wanawake walivamiwa na makundi ya vijana. Nairobi ilionja aina yake Novemba 2014, wanawake walipolazimika kuandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo stendi ya matatu.

Basi hatua zozote zisimguse anayejipaka. Afrika Kusini ilipitia njia bora zaidi: mwaka 1990, kwa shinikizo la madaktari wa ngozi na wanaharakati, ilizuia haidrokwinoni na pia ikakataza vipodozi kudai kwamba vinafanya ngozi iwe nyeupe. Aliyebanwa alikuwa mwenye kiwanda na mwenye tangazo. Uhuru wa kuchagua unahitaji mtu ajue anachochagua. Kopo lisilo na jina la kemikali halimpi mtu uhuru wowote. Na wale wanaosema mitaa ya mabanda ina shida kubwa zaidi, maji taka, kodi, bei ya unga, wanasahau kwamba pesa ya krimu inatoka kwenye kibeti kile kile cha unga.

> *Anayeukubali mwili wake ndiye anayeupeleka kupimwa.*

Jukwaa kuliko sifa

Zipo juhudi za hapa hapa zinazofanya kazi, na inafaa tuone ni kwa nini. Kibera, shirika la Polycom lililoanzishwa na Jane Anyango limeweka shuleni masanduku ambamo wasichana hutumbukiza maswali na malalamiko yao bila kuandika majina. Mpango wake wa G-Pende unajengwa juu ya yale wanayoyasema wenyewe. Michael Wamaya, aliyewafunza watoto wa Kibera densi ya baleti hadi akaingia kumi bora wa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2017, anawapa miili yao kazi ya kufanya mbele ya hadhira. Oktoba 2016 Nairobi iliandaa shindano la urembo la watu wenye ualbino, wavulana kwa wasichana, na watu ambao mtaa uliwatazama kwa huruma au hofu wakatembea jukwaani wakipigiwa makofi. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, punde kabla ya kutwaa Oscar, alizungumzia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua kabla ya kumwona yeye kwenye skrini.

Kinachofanana katika mifano hii ni kwamba hakuna aliyeishia kusifiwa. Kila mmoja alipewa nafasi: sauti, jukwaa, kazi, mshahara. Ngozi nyeusi ya Lupita ilipendwa na wasichana kwa sababu walimwona nayo kileleni. Mbunifu David Avido, kijana wa Kibera, naye anawavalisha watu wa mtaani nguo za jukwaani. Hata Toi kwenyewe kuna somo ambalo wenye maduka makubwa hawajaliona: mnunuzi akishachagua kamera, yaani nguo za chaguo la kwanza, kwenye marobota ya mitumba, anavuka hadi kwa fundi wa cherehani, nguo ikapunguzwa kiunoni, ikaongezwa kipande nyongani, ikamkaa. Fundi hamwambii mteja apungue ili aingie kwenye gauni lililoshonewa mtu wa Leeds, Uingereza.

Kifungu cha 46

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kulindwa afya na usalama wake na kupewa habari anazohitaji, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Norwei tangu Julai 2022 inadai tangazo lenye mwili uliorekebishwa kwa kompyuta liandikwe hivyo. Ufaransa ilianza 2017. Mawakili wa matangazo husema vibandiko hivyo havisaidii, na safari hii hawajakosea sana: majaribio mengi yameonyesha kwamba mtu akiambiwa picha imerekebishwa bado hujiona duni. Sababu ni ile ile. Anachokionea wivu si picha, ni maisha yaliyoning'inizwa nyuma yake. Kibandiko ni haki ya mnunuzi, lakini kazi nzito iko kwingine.

Ya kwanza ni kwa waajiri: kazi ya kupokea simu au kupanga bidhaa isidai picha ya mwombaji, na kaunti ianze na kampuni zinazopewa zabuni zake. Ya pili ni kwa shirika la viwango, KEBS, na Bodi ya Famasia na Sumu. Vipo vifaa vya mkononi vya miale ya eksirei vinavyotambua zebaki ndani ya krimu kwa dakika chache bila kuipeleka maabara. Visianze kutumiwa Kawangware. Mwenye kibanda hununua bidhaa zake kwa jumla katikati ya jiji, River Road na Dubois, zikiwa zimeshapita bandarini au mpakani. Ukimnyang'anya mama huyo makopo kumi, umeua mtaji wake wa mwezi na bohari limebaki limejaa. Ukaguzi uanzie bohari, stakabadhi zifuatwe hadi kwa mwagizaji, na majina ya krimu zilizokutwa na sumu yasomwe kwenye redio za mtaani kila wiki, kwa Kiswahili na kwa Sheng', zikitajwa kwa jina la kwenye kopo ambalo msichana wa Gatina ataliona akienda kununua.